Kupamba na kuishi kwenye fleti ya ghorofa ndefu Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu waliohamia, au wanaojiandaa kuhamia, kwenye fleti za Upanga, Kisutu, Kariakoo, Kinondoni na Masaki. Wengi wametoka kwenye nyumba ya chini yenye uwanja, mwembe na geti lao wenyewe, na wanakuta mengi waliyoyazoea hayapandi lifti. Joto na upepo vimetangulia hapa kwa sababu katika mji huu ndivyo vinavyoamua kama utaipenda nyumba yako au utaikimbia. Rangi na mapambo vinakuja baadaye.

Bado sijachagua fleti. Niangalie nini kabla sijampa dalali hela?

Angalia madirisha yanatazama wapi. Marumaru na kabati za jikoni dalali atakuonyesha mwenyewe, lakini habari ya jua utaitafuta wewe. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita linapita karibu na utosi mwaka mzima: tangu mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba linaegemea kaskazini, miezi iliyobaki linaegemea kusini. Dirisha la kaskazini au la kusini halina shida kubwa, maana ukingo wa zege wa nusu mita tu juu yake unalikata jua hilo. Dirisha la magharibi halina pa kujificha. Kuanzia saa nane mchana jua linashuka hadi usawa wa kioo, linaingia mpaka ukuta wa ndani, na ukuta ule unaendelea kutoa joto hadi usiku. Chumba cha kulala kilichoelekea magharibi ni chumba cha kununulia umeme.

Baada ya jua, upepo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Kusi hutoka kusini-mashariki na kushika katikati ya mwaka. Zote zinatokea baharini. Fleti yenye dirisha upande wa mashariki na tundu lingine upande wa pili inapitisha hewa kutwa. Yenye madirisha upande mmoja peke yake, na mlango wa korido ambao lazima ufungwe, haina pa kutolea hewa hata ikiwa ghorofa ya 15.

Nenda kuiona mara mbili: saa kumi alasiri ili uone jua, na usiku ili usikie kelele. Fungua maji bafuni na jikoni kwa pamoja. Panda ngazi kwa miguu angalau mara moja, na uulize jenereta la jengo linawasha nini: taa za korido na lifti tu, au na pampu ya maji pia? Kisha tazama kiwanja cha jirani. Upanga na Kariakoo, nyumba ya chini yenye bati la zamani iliyo pembeni yako leo inaweza kugeuka jengo la ghorofa 10, na dirisha lako zuri likabaki kutazama choo cha mtu.

Fleti yangu inatazama magharibi na nimeshalipa kodi ya miezi sita. Nifanye nini?

Lizuie jua kabla halijafika kwenye kioo. Mwanga ukishapita kioo na kupiga pazia, unageuka joto, na joto hilo limeshaingia ndani. Pazia zito la ndani linasaidia kidogo tu. Kama una roshani, tundika pazia la mianzi au neti ya kivuli, ile wanayotumia wenye vitalu vya miche, kwenye ukingo wa nje. Ifunge vizuri juu na chini, kwani upepo wa ghorofani una nguvu na kitu kikianguka kutoka huko kinaua. Kama uongozi wa jengo unakataza vitu vya nje, bandika karatasi ya plastiki ya kupunguza jua kwenye kioo, halafu weka pazia lenye bitana nyeupe inayotazama nje.

Hatua ya pili haigharimu kitu: badilisha matumizi ya vyumba. Chumba cha magharibi kifanye sebule au stoo, ulale upande wa mashariki hata kama chumba chake ni kidogo. Ikishindikana, kitanda kisikae kwenye ukuta unaopigwa na jua.

Waliojenga mji huu zamani waliyajua haya. Ingia kwenye fleti za katikati ya mji za kabla ya uhuru na za miaka ya 1960, nyingi zikiwa sasa chini ya Shirika la Nyumba la Taifa: dari ziko juu, roshani ni pana, na juu ya milango kuna matundu ya hewa. Soko la Kariakoo, alilolibuni msanifu Beda Amuli na kukamilika miaka ya 1970, lilifunikwa kwa miavuli ya zege inayotoa kivuli na kukusanya maji ya mvua. Majengo ya vioo vitupu tunayoyashangilia leo yameyaacha maarifa hayo, na gharama yake wanailipa wakazi kila mwezi.

Kiyoyozi au feni?

Vyote, ila feni ndiyo iwe ya kila siku. Feni ya dari hula karibu wati 70. Kwa saa 8 za usiku inamaliza nusu yuniti ya LUKU na kidogo juu yake. Kiyoyozi cha BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kikifanya kazi kwa nguvu zake zote hula karibu wati 800, yaani yuniti 6 na ushei kwa saa zile zile. Cha invata hupunguza matumizi chumba kikishapoa, na kwa Dar, ambako kitawaka miezi mingi, mimi nashauri uongeze pesa ununue hicho. Kiweke nyuzi 25 au 26, feni izunguke polepole, utalala vizuri. Kukishusha hadi 18 hakupozi chumba haraka zaidi. Kunakizuia kupumzika tu.

BTU 9,000 inatosha chumba cha mita 3 kwa 4. Sebule yenye kioo kikubwa itataka 12,000 au 18,000. Chujio la ndani lioshe mwenyewe kila baada ya wiki mbili tatu. Mashine ya nje, kama uko karibu na bahari, inaliwa na chumvi, kwa hiyo fundi aioshe kwa maji ya bomba kila anapokuja. Na bomba la maji yake lisidondokee roshani ya jirani wa chini. Ugomvi mwingi wa ghorofani unaanzia kwenye tone hilo.

Fundi amenichorea dari ya jipsamu ya ngazi tatu yenye taa za rangi. Niweke?

Kwa maoni yangu, usiweke kama dari yako haifiki mita 3. Fleti nyingi mpya zina mita 2.7 au 2.8 kutoka sakafuni hadi kwenye zege la juu, na jipsamu ya ngazi inakula sentimita 20 hadi 30 za hapo. Mapanga ya feni yanatakiwa yawe zaidi ya mita 2.1 juu ya sakafu ili yasimdhuru mtu, na hewa ya moto inahitaji mahali pa kupanda juu ya vichwa vyenu. Ukijaza nafasi hiyo kwa urembo, umenunua joto. Nimeona sebule nyingi ambazo feni imeondolewa ili jipsamu ipendeze, kisha familia ikawa inakaa na kiyoyozi kutwa nzima.

Kama kuna nyaya za kuficha, mkanda mwembamba wa jipsamu pembezoni mwa chumba unatosha. Pesa iliyobaki nunulia taa nzuri. Chumba cha kulala na sebule vinataka mwanga wa njano, wa kelvini 2,700 hadi 3,000. Ule mweupe mkali uachie jiko na bafu. Taa mbili za kusimama pembeni hufanya sebule itulie usiku kuliko taa 12 za darini.

Nipake rangi gani? Watu wananiambia nyeupe tupu ili chumba kionekane kikubwa.

Ghorofani mwanga ni mwingi kuliko chini, na kama unatazama bahari unaongezeka tena. Nyeupe tupu inaumiza macho mchana. Krimu, rangi ya mchanga mkavu, au kijani kilichopauka hupokea mwanga huo vizuri. Dari ndiyo iwe nyeupe. Chagua rangi inayofutika kwa kitambaa chenye maji, hasa korido na kuta za watoto, na uipake juu ya skimu, ile lipu laini ya mwisho, ikiwa imekauka sawasawa. Ukuta uliopakwa rangi wakati wa masika ukiwa bado una unyevu, rangi yake itavimba na kubanduka.

Sakafu ya marumaru iache wazi kadiri uwezavyo. Ni baridi mguuni na inafagilika. Zulia nene la manyoya linashika vumbi na unyevu, na kwa hali yetu ya hewa linaanza kunuka. Mkeka wa ukili uliosukwa vizuri, wa Pemba au wa Tanga, unafaa kwa sebule kuliko zulia la bei mara kumi yake, na mgeni akizidi, hapo hapo ni pa kukaa.

Sofa langu litapita kwenye lifti?

Pima kabla ya kulipa. Lifti ya watu 8, yaani ya kilo 630, iliyo ya kawaida kwenye majengo ya makazi, ina upana wa ndani wa mita 1.1, kina cha mita 1.4, na mlango wa sentimita 80 au 90. Sofa la watu watatu lenye urefu wa mita 2.2 haliingii humo, limesimamishwa au limelazwa, labda likatwe. Litapandishwa kwa ngazi, na kwenye kona za ngazi ndiko vitambaa vinachanika na kuta za watu zinachubuka. Kuna wanaovuta kwa kamba kupitia roshani. Sishauri, hata kama wabebaji wanakuapia kwamba wamezoea.

Agiza sofa la vipande vinavyoungwa, kitanda cha kufunga kwa bolti, na kabati la kukusanywa ndani ya chumba. Godoro la sponji la futi 6 kwa 6 hupita likikunjwa kidogo. La springi linasumbua. Waarifu walinzi siku moja kabla, kwa sababu majengo mengi yana saa maalumu za kupandisha mizigo na hutaka lifti ivishwe mbao au maboksi ndani.

Kipimo hicho cha lifti kina maana nyingine. Kama unahamia na mzazi mzee au mgonjwa, ujue kwamba machela haiingii kwenye lifti ya kina cha mita 1.4. Jengo lenye lifti ya kilo 1,000, ambayo kina chake hufika mita 2.1, linamfaa zaidi. Kama halina, chukua ghorofa za chini.

Samani za dukani au za mafundi seremala wa Keko?

Keko, kama una subira na unajua unachotaka. Faida kubwa ni vipimo: fundi anakutengenezea kabati la kuingia hasa kwenye ile pengo ya sentimita 87 iliyo nyuma ya mlango, na fleti ndogo inaponea hapo. Taja mbao kwa jina, mninga, mkongo au mtiki, na uione imekauka kabla haijapigwa randa. Kitambaa cha sofa chagua mwenyewe Kariakoo umpelekee.

Samani nyingi za kutoka nje zimetengenezwa kwa unga wa mbao ulioshindiliwa na kubandikwa karatasi. Zinapendeza, lakini masika mbili zikipita pembe zinavimba, hasa jikoni na chini ya sinki. Bawaba na vishikio viwe vya stenlesi. Ukiwa karibu kabisa na bahari, uliza ile daraja la 316, inayohimili chumvi kuliko 304. Kabati lisigusane na ukuta. Acha sentimita tano hewa ipite, la sivyo nguo zitaota ukungu.

Nataka fleti ionekane ni ya hapa kwetu, isifanane na hoteli. Nianzie wapi?

Anzia na kitu kimoja kikubwa chenye uzito, kisha uache ukuta upumue. Mchoro mmoja wa Tingatinga wenye upana wa mita moja, ulionunuliwa kwa wachoraji wenyewe pale Oysterbay ambako kazi aliyoianzisha Edward Saidi Tingatinga bado inaendelea, unatosha sebule nzima. Kinyago cha Kimakonde kutoka Mwenge kinataka meza yake peke yake na taa ya pembeni. Vikapu vya Iringa ukivipanga ukutani, viwe vya ukubwa tofauti. Khanga ya bibi iliyopauka, ikiwekwa kwenye fremu yenye kioo na jina la khanga likaonekana, ni pambo ambalo hakuna duka litakuuzia.

Na usisahau kwamba dirisha ndilo picha kubwa kuliko zote. Ukiwa Upanga upande wa bahari unaona Daraja la Tanzanite. Ukiwa katikati ya mji unaona meli zinazoingia bandarini na pantoni za Kigamboni. Watu wanageuza sofa ili litazame televisheni na kuipa bahari mgongo. Weka televisheni kwenye ukuta wa pembeni, ili aliyekaa aweze kuona vyote viwili bila kuhama.

Naweza kubomoa ukuta ili jiko na sebule viungane?

Usiguse kitu hadi mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi aangalie michoro ya jengo na aandike jibu lake. Ukuta wa tofali ulio katikati ya nguzo mara nyingi haubebi mzigo, lakini “mara nyingi” haitoshi. Wapo mafundi watakaogonga kwa nyundo na kusema “huu mwepesi, bosi”. Mji huu umezika watu. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36, na Novemba 16, 2024 jengo la Kariakoo lilianguka likiwa na wafanyabiashara na wateja wao ndani. Ukuta wako ni sehemu ya nyumba ya jirani wa juu na wa chini. Utahitaji kibali cha halmashauri na idhini ya mwenye jengo au chama cha wamiliki.

Hata ukiruhusiwa, fikiria mnachopika. Nyumba inayokaanga samaki na kuunga kwa vitunguu kila siku, jiko la wazi litaingiza harufu kwenye mapazia na makochi. Dirisha dogo la kupitishia vyombo kati ya jiko na sebule linaleta mwanga bila kuleta moshi, na ni kazi ndogo kuliko kubomoa.

Nataka kuweka bustani na tanki la maji la ziada kwenye roshani. Kuna tatizo?

Kuna uzito. Sakafu za makazi kwa kawaida hukadiriwa kubeba kilo 150 hadi 200 za ziada kwa kila mita ya mraba. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tanki la lita 500 ni nusu tani iliyosimama mahali padogo. Udongo uliolowa ni mzito kuliko maji. Vyungu vichache vya plastiki vyepesi, vikipangwa karibu na ukuta wa jengo badala ya ukingo wa nje, havina shida. Tanki usiweke. Kwa akiba ya maji tumia madumu ya lita 20 yaliyotawanywa, jikoni mawili, bafuni matatu. Mgawo wa maji wa Oktoba 2022, mto Ruvu ulipopungua, uliwafundisha watu kwamba tanki la juu ya jengo nalo huisha.

Mimea gani inaishi ghorofani?

Nje kwenye upepo wa chumvi: bogenvilia, mshubiri, mchaichai. Rehani inakubali kama ukiikinga na kusi. Ndani, penye mwanga hafifu, weka Zamioculcas, ule mmea wa majani manene yanayong’aa unaouzwa kwa bei kubwa Ulaya. Asili yake ni mwambao wetu huu wa mashariki ya Afrika, na unakaa wiki tatu bila maji.

Ni kweli mbu hawafiki ghorofa ya 12?

Si kweli. Wanapanda kwa lifti na ngazi, na wengine wanazaliwa huko huko juu. Sahani ya chini ya chungu cha maua, ndoo isiyofunikwa, trei ya nyuma ya friji: mbu anahitaji siku 7 hadi 10 tu kutoka yai hadi kuruka. Dar ilipata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu wake huuma mchana, wakati hujashusha chandarua. Mwaga na kusugua sahani hizo kila wiki. Weka nyavu kwenye kila dirisha, pamoja na lile dogo la chooni.

Naruhusiwa kutumia mkaa? Na mtungi wa gesi ukae wapi?

Mkaa ndani ya fleti, hapana, hata ukiwa umebaki makaa tu ya kupashia. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu na inaua watu wakiwa wamelala. Roshani nayo si mahali pake: cheche zinaruka na moshi unaingia kwa jirani wa juu. Nyama choma ifanyieni uwanjani kama jengo lina sehemu hiyo.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa sakafuni na kujaa pembeni, kwa hiyo mtungi usifungiwe kwenye kabati lisilo na tundu la chini. Mahali pazuri ni sehemu yenye hewa, umesimama wima, mbali na soketi, na mpira usizidi mita moja na nusu. Ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye kiungo. Ukiona linatoa mapovu, funga. Kwa fleti ndogo mtungi wa kilo 6 au 15 unatosha. Wa kilo 38 haufai kukaa ghorofani.

Moto ukitokea?

Ngazi, kamwe si lifti. Piga 114. Funga mlango nyuma yako ili moshi usijae korido. Kabla ya siku hiyo, hakikisha kabati la viatu halipo kwenye njia ya ngazi, mtungi wa kuzimia moto uko karibu na mlango wa jikoni, na kama una nondo za dirishani au mlango wa geti la chuma, funguo zinakaa mahali ambapo hata mtoto wa miaka tisa anapajua.

Nina watoto wadogo. Roshani inaniogopesha.

Hofu hiyo ni ya haki. Ukingo uwe na kimo cha mita 1.1 au zaidi, na nafasi kati ya nondo isizidi sentimita 10, kichwa cha mtoto kisipite. Nondo za kulala zinageuka ngazi. Zizibe kwa bati la plastiki ngumu au neti iliyokazwa. Kiti, ndoo, chungu kikubwa au mashine ya kufulia visikae karibu na ukingo. Weka komeo juu ya mlango wa roshani, na madirisha ya kusukuma yafungwe kizuizi yasifunguke zaidi ya kiganja. Kitanda cha mtoto kisiwe chini ya dirisha. Fanya haya siku ya kwanza, kabla ya mapazia.

Jirani wa chini analalamika kila nikitwanga. Nami nitwange wapi?

Zege linabeba mshindo wa mchi hadi ghorofa mbili chini, na hakuna mkeka utakaoumaliza. Weka kinu juu ya mkeka wa mpira mnene uliokunjwa mara mbili, karibu na nguzo badala ya katikati ya chumba, na utwange mchana. Kwa vitunguu saumu na tangawizi, kinu kidogo cha jiwe mezani au blenda kinatosha. Miguu ya viti ivae vipande vya kitambaa au mpira. Na shuka siku moja umbishie hodi jirani huyo na sahani ya vitumbua, mzungumze ana kwa ana badala ya kwenye kundi la simu la jengo; watu wanaofahamiana wanavumiliana kelele ambazo wasiofahamiana wanapelekana nazo serikali ya mtaa.

Nikibadilisha marumaru za bafuni, ni lazima niwe na wasiwasi na wa chini?

Ni lazima. Ukibandua marumaru umebandua na utando wa kuzuia maji. Fundi aupake upya, aupandishe ukutani angalau sentimita 20 na sehemu ya kuogea hadi juu ya kichwa. Kisha zibeni tundu, mjaze maji sakafuni, yakae saa 24, na mwende pamoja kwa jirani kutazama dari yake. Marumaru mpya zianze baada ya hapo.

Sevisi chaji tunalipia nini hasa?

Lifti, jenereta, walinzi, usafi, pampu, taka, taa za korido. Aliyenunua fleti ana hati ya sehemu yake, na ngazi, paa na maegesho ni mali ya wote kwa mgawo. Ndivyo ilivyo chini ya sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008. Wamiliki wana chama chao, na una haki ya kuona hesabu. Nenda mikutanoni. Lifti nyingi zilizokufa zilikufa kwanza kwenye daftari la michango.

Nataka pembe ya kusalia.

Kutoka Dar, Makka iko karibu kaskazini kamili, ikielekea mashariki kidogo mno. Chagua ukuta wa kaskazini usio na televisheni wala kioo, mita moja kwa mita moja na nusu, na rafu ndogo ya msahafu juu ya kimo cha mtoto. Kwa Wakristo wenye jumuiya, kinachohitajika ni viti vya kukunja vinavyokaa nyuma ya mlango na meza inayosogezeka.

Nikipata msiba au shughuli, watu watakaa wapi?

Jibu hili litafute siku unayohamia. Fleti ya vyumba viwili haiwezi kupokea watu 200 wanaokuja kuhani, na haifai kuwafungia nje. Uliza kama jengo linaruhusu turubai kwenye maegesho, kwa siku ngapi, na nani anatoa kibali. Kuna majengo yanayoruhusu usiku wa kwanza tu. Familia nyingi hupeleka msiba kwenye nyumba ya ndugu yenye uwanja, Tabata au Mbagala, na wanawake wachache hubaki fletini na wafiwa. Hilo linakubalika, mradi lisemwe mapema. Jeneza haliingii kwenye lifti ndogo, kwa hiyo kama mnataka marehemu aagwe nyumbani, panga pawe chini. Kwa maulidi, arobaini au kitchen party, ukumbi wa jengo ukiwepo unakodishwa kwa wakazi kwa bei ndogo. Kama haupo, sebule isiyojazwa makochi, yenye mikeka miwili, inapokea watu 25 wameketi vizuri. Hiyo ni sababu nyingine ya kutonunua sofa la watu saba.

Nimepanga tu, na mkataba unakataza kutoboa kuta. Kuna njia?

Ipo. Vioo na picha kubwa ziegemezwe ukutani juu ya kabati fupi. Mapazia yaninginie kwenye fimbo za kukaza kwa springi kati ya kuta mbili za dirisha. Tumia taa za kusimama na za mezani. Rafu ya vitabu iwe pana chini, nyembamba juu. Piga picha kila chumba siku unayopokea funguo, pamoja na ndani ya kabati na dari ya bafu, na umtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo ili tarehe ibaki kwenye simu yake.